Je, Alikuwa Amekula? Kifo cha Mtoto katika Hadithi Zetu

Mwaka jana niliandika hadithi fupi ya kurasa 11. Ndani yake mvulana wa miaka minane anakufa ukurasa wa 9. Jioni moja niliisomea jirani yangu, mama anayeuza ndagala, yaani dagaa, kwenye barabara yetu hapa Cibitoke. Alikuwa amerudi kutoka kazini, amekalia kigoda mlangoni, ungo wa maharagwe mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutia neno, vidole vikichambua, mawe huku, maharagwe kule. Nilipomaliza nilingoja machozi, nakiri hivyo. Akauliza:

"Mwanangu, huyo mtoto siku ile alikuwa amekula?"

Sikujua. Nilijua shati lake lilichanika wapi, nilijua rangi ya mbingu alipoanguka, nilijua hata baba yake alihamia mji gani. Chakula chake sikukijua. Nikamwambia, "Mama, hilo halijaandikwa." Akarudia maharagwe yake. "Basi umemuua mtu usiyemjua."

Swali la kama mwandishi amuue mtoto hadithini au amwache huwa linajibiwa haraka mno. Wapo wasemao sanaa haina mwiko: kama watoto wanakufa duniani, na wafe vitabuni. Wapo wasemao yanatosha. Huku kwetu hawa wa pili wana hesabu mkononi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa Burundi, 96 hawafikishi miaka mitano. Ule wa 2016 hadi 2017 ukakuta 78. Ni nafuu kubwa kwa muda mfupi, lakini 78 bado ni takribani mtoto mmoja kati ya 13. Maana yake ni kwamba ukisoma hadithi ya namna hiyo mbele ya watu kumi, ni nadra kukosa mmoja aliyezika. Msomaji wa Oslo huenda akakutana na kifo cha mtoto kwa mara ya kwanza kitabuni. Wa Cibitoke anakikuta kitabuni akiwa anakijua tayari, na mara nyingi anakijua kuliko mwandishi. Ndiyo maana mama wa ndagala alijua pa kugusa.

Cibitoke ninayoisema ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, si ile ya mpakani mwa Kongo na Rwanda ambayo watu wa nje huichanganya nayo. Tangu 2014 ni zoni ya komine Ntahangwa, pamoja na majirani zake Ngagara, Kamenge na Kinama. Barabara zake zinajulikana kwa namba: ukiuliza kwa fulani ni wapi, utaambiwa barabara ya ngapi. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliipasua mitaa hii ya kaskazini kwa makabila, watu wakahama usiku na magodoro kichwani. Mwandishi wa hapa haandiki kuhusu kifo cha mtoto kama jambo la kubuni tupu, hata akitaka.

Hoja ya "yanatosha" ina mzizi mwingine ulio chini zaidi ya takwimu, nao ni imani kwamba maneno huumba. Kukitaja kifo cha mtoto ni kukionyesha njia. Mwaka 1983 msomi Philippe Ntahombaye alichapisha kitabu kizima juu ya majina ya Warundi, na humo unaona jinsi wazazi waliofiwa mfululizo walivyopigana na kifo kwa jina la mtoto aliyefuata. Mmoja anaitwa kwa sentensi nzima ya kulalamika kwamba balaa bado haijamwachia mzazi. Mwingine anapewa jina baya, la kudharaulika, ili kifo kipite mlangoni kikidhani humo hamna cha kuchukua. Waswahili nao wana akina Mashaka, Tabu, Shida na Masumbuko. Watu wanaofanya hila kubwa namna hii ili kifo kisisikie wataachaje kumkasirikia kijana anayekiita kwa kalamu, tena bila kulazimishwa?

Lakini yatazame majina hayohayo kwa upande wa pili. Mzazi hakunyamaza. Alikitia kifo ndani ya jina la mwanawe, akaliita jina hilo kila jioni kwa sauti, barabara nzima ikisikia, mtoto aje kula. Hakuna mwandishi aliyewahi kukitaja kifo hadharani mara nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo anayesema kwamba mila zetu zinatutaka tuwe kimya juu ya watoto waliokufa, sidhani kama amezisikiliza vizuri.

Ngano nazo hazikunyamaza. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha ngano alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza kwa kula mifugo. Watu wakalalamika, Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Akala ng'ombe, akala watu, na bado Sultani alikuwa na jibu: wote ni mali yake. Mpaka paka alipowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo akakiri kwamba huyu si paka tena, ni Nunda. Mtoto wake wa mwisho akatoka kwenda kumsaka.

Sijui hadithi ya kisiasa iliyo kali kuliko hiyo katika Kiswahili. Na angalia mtambo wake unavyofanya kazi: bila vifo vya watoto, Sultani asingefumbua macho. Mifugo haikutosha, wala raia hawakutosha. Hapo ndipo penye siri ya kwa nini waandishi wanakipenda kifo cha mtoto, na ndipo penye hatari yake pia. Katika tamthilia ya redio ya Tanzania Twende na Wakati, iliyoanza 1993, Mkwaju dereva wa lori alikufa kwa UKIMWI, na wasikilizaji walielewa kwamba amevuna alichopanda. Mtoto hafi kwa alichokipanda. Hajapata muda wa kupanda. Kwa hiyo kifo chake daima kinamnyooshea mtu mwingine kidole: mfalme, daktari, baba, jirani, Mungu. Albert Camus katika La Peste alimchukua mtoto wa hakimu, akamlaza kitandani kurasa kadhaa akiteseka kwa tauni, na kidole kile kikaelekezwa juu kabisa, hadi mahubiri ya padri aliyesimama pembeni ya kitanda yakabadilika.

Tabu ni kwamba mwandishi akishakizoea kidole hicho, anamsahau mwenye mkono. Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, riwaya iliyosomwa kwa lazima na wanafunzi wa sekondari Kenya kwa miaka. Kuna kitoto kinachotelekezwa kibandani kwa maskini mmoja, Amani, nacho kinaitwa Uhuru, na kinakufa. Mwanafunzi hahitaji mwalimu kumfafanulia: uhuru wa nchi ulitupwa na waliouzaa, ukafia mikononi mwa maskini. Ni ishara iliyokaa sawasawa, na katika karatasi ya mtihani inaleta maksi. Namheshimu sana marehemu Walibora. Ila kile kitoto sikukililia, na nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu kilizaliwa kikiwa tayari ni jibu la swali la mtihani. Mtoto anayeitwa Uhuru katika riwaya ya Afrika hana pa kukimbilia.

Linganisha na Ikemefuna wa Chinua Achebe, ambaye wengi wetu tulimjua kwa Kiswahili kupitia Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Naye ni ishara, ukitaka: kafara la kijiji kwa kijiji. Lakini anapofika kwa Okonkwo anakataa kula. Okonkwo anamsimamia na rungu mpaka ameze, na mtoto anatapika. Baadaye anazoea. Anaishi pale miaka mitatu, anamfundisha Nwoye, mwana wa Okonkwo, mambo ya porini, anamwita Okonkwo baba. Anapopelekwa msituni kuuawa, mtungi kichwani, msomaji anajua alivyokula, alivyocheka na alivyotapika. Wazee wa kijiji wanaweza kumwita kafara. Msomaji hawezi tena.

Mama wa ndagala hajamsoma Achebe. Kipimo chake ni kilekile.

Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na makaburi ya watoto kama sisi, pengine zaidi, na waandishi wake walijifunza kuyatoza ushuru. Charles Dickens alipokuwa akichapisha The Old Curiosity Shop kwa vipande, 1840 hadi 1841, wasomaji walimwandikia barua wakimsihi asimuue binti Nell. Akamuua. Miaka michache baadaye, katika A Christmas Carol ya 1843, alifanya ujanja wa ngano: akatuonyesha kiti kitupu cha mtoto kilema Tim, akatutoa machozi, kisha akamrudisha hai, kama vile zimwi linavyopasuliwa tumbo na waliomezwa wakatoka wazima. Wahakiki wa baadaye walimcheka Nell kwa utamu uliozidi. Mimi simcheki sana, maana kabla ya hapo Dickens alikuwa amemzika shemeji yake wa miaka 17, na maumivu hayo alikuwa nayo alipoandika. Kosa lake ni kwamba Nell hana dosari hata moja. Hagombani, haibi sukari, hachelewi kurudi alikotumwa. Malaika akifa anarudi kwao tu. Hapo msomaji amepoteza nini?

Nije nyumbani. Riwaya iliyoibeba Bujumbura duniani ni Petit Pays ya Gaël Faye, iliyotoka 2016 na kushinda tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa lycée mwaka huohuo. Msimulizi wake, Gabriel, ni mvulana wa miaka kama kumi anayekulia Kinanira, upande wa pili wa mji na maisha ya upande wa pili pia. Faye angeweza kumuua Gabriel au mmoja wa rafiki zake wa kichochoroni. Vita vilikuwa pale. Watoto anaowaua ni wengine: binamu wanne wa Kigali, watoto wa shangazi Eusébie, wanaouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Na Faye hatupeleki kuyaona. Kwanza, kabla ya mauaji, ametulaza nyumbani kwao tulipokwenda harusini, kwa hiyo tumeshawaona wakiwa wazima. Kisha muda unapita. Kisha mama yake Gabriel, Yvonne, anarudi kutoka Rwanda, anasimulia mezani alichokikuta sakafuni na jinsi alivyosugua madoa yasiyotoka.

Wengi wangeishia hapo. Faye haishii. Yvonne anaanza kumwamsha binti yake mdogo Ana usiku na kumsimulia habari za binamu zake waliokufa, usiku baada ya usiku, mpaka nyumba inavunjika. Kwa Warundi, msiba una milango miwili. Kuna ikiriyo, siku za kilio, watu wakija na viti na vinywaji. Kisha, baada ya muda mrefu, kuna kuganduka, siku ya kuvua msiba ambapo familia inaruhusiwa kurudi kazini na katika maisha. Yvonne ni ikiriyo isiyofikia kuganduka. Alichokiandika Faye, kwa hiyo, ni yanayotokea kwa mtoto aliye hai wakati watoto waliokufa hawajapata wa kuwafungia msiba, na hilo kwangu ni zito kuliko lile doa.

Roland Rugero, mmoja wa waanzilishi wa mkahawa wa fasihi Samandari hapa mjini, alifuata njia nyingine. Riwaya yake ya 2012 ina kijana bubu, Nyamuragi, anayesingiziwa kubaka na umati unataka kumnyonga. Ukurasa kwa ukurasa msomaji anabana pumzi. Lakini jalada linamsemesha kwa Kirundi kabla hajafungua: Baho! Yaani, ishi! Ni amri, na sidhani ni bahati tu kwamba mwandishi wa nchi hii aliiweka amri hiyo kwenye jina la kitabu.

Sasa niseme jambo ambalo limenikalia muda mrefu. Tarehe 26 Aprili 2015, siku moja baada ya chama tawala kumteua Pierre Nkurunziza kugombea tena urais, vijana wa Cibitoke, Musaga, Nyakabiga na mitaa mingine waliingia barabarani kupinga. Siku hiyohiyo, kwa mujibu wa Amnesty International, mvulana wa miaka 15 alipigwa risasi na polisi hapa Cibitoke akafa. Jina lake lilichapishwa, mimi silirudii. Wiki zilizofuata zilikuwa za mawe, matairi na vizuizi barabarani, na kila aliyesoma shule ya Kifaransa alikuwa na mtu mmoja kichwani: Gavroche, yule mtoto wa Victor Hugo anayekusanya risasi mbele ya kizuizi huku akiimba, anapigwa, anainuka, anaimba tena, anapigwa ya pili na kunyamaza.

Nimesikia waandishi chipukizi wakisema Cibitoke inangoja Gavroche wake. Mimi nasema isingoje. Hugo alichapisha Les Misérables mwaka 1862, miaka 30 baada ya maasi anayoyasimulia, na mtoto wake ni wa kubuni toka kidoleni hadi utosini. Akifa, hakuna mama anayefungua kitabu na kusema: lakini wangu hakuimba. Hapa yupo. Ukimpa mtoto wa kweli wimbo ambao hakuuimba, umemnyang'anya kifo chake, ukambandikia bendera aliyoshika mtu mwingine. Mtoto wa miaka 15 hakuomba kuwa shujaa wa upande wowote.

Isitoshe, wanaomtaka Gavroche wanakikumbuka kifo chake tu na kusahau mkate. Kabla ya kizuizi, Hugo anamkutanisha na watoto wawili wadogo waliopotea Paris. Gavroche ana senti chache, ananunua mkate, anaukata vipande vitatu, na kipande kidogo kabisa anakichukua yeye. Kisha anawapeleka kulala ndani ya sanamu la tembo la plasta, anawakinga na panya. Hugo alitumia kurasa nyingi kwenye mkate na tembo kuliko kwenye risasi. Hapo ndipo alipopata haki ya ile risasi.

Kuhusu vitabu vinavyoandikiwa watoto wenyewe sina mengi. Katherine Paterson wa Marekani aliandika Bridge to Terabithia, 1977, baada ya rafiki wa mwanawe kuuawa na radi, na wazazi wengi walitaka kitolewe mashuleni. Watoto wenyewe hawakukitupa. Mtoto wa hapa anajua kifo. Amekwishatumwa kupeleka viti msibani. Anachohitaji kitabuni ni mtu mzima ambaye kesho yake asubuhi bado yupo, anawasha moto, anajibu maswali. Hilo likikosekana, ndipo ninapoungana na wanaokifungia kitabu kabatini.

Basi kwa upande wangu: mwandishi ana haki ya kumuua mtoto, na hapa Burundi pengine ana wajibu wa kutomficha. Nisichokikubali ni mtoto anayekufa ili baba yake apate akili, au ili askari wa filamu apate sababu ya kulipiza kisasi dakika ya kumi. Nisichokikubali pia ni kitabu kinachofungwa kaburini, mwandishi akikimbia kabla watu hawajakunja viti. Na mtoto halisi, mwenye mama aliye hai anayepita barabara ya jirani, sitamtia katika hadithi yangu bila kwenda kubisha hodi kwa mama yake kwanza. Kama mlango haukufunguliwa, hadithi ibaki kwenye daftari.

Ile yangu nimeirudia. Mvulana sasa anakula maharagwe na ndizi ukurasa wa 3, anagombana na dada yake kwa ajili ya ukoko wa chungu, anapoteza kandambili moja na kuificha ya pili ili asiulizwe. Nilipomjua hivyo hadithi ilirefuka, imefika kurasa 23. Bado anakufa, ila ni ukurasa wa 14, na kurasa tisa zinazofuata ni za dada yake. Jumapili jioni nitakwenda kumsomea mama wa ndagala, akisharudi sokoni.